Mtani wa Chumba Pacha

Tusi lilikuwa bado halijamalizika Mtulizaji alipolikata.

Kwenye ukuta wa kioo ofisini kwake Mbeya, Sekela Mwaipopo aliliona tukio zima, kama alivyoyaona mengine elfu kabla yake. Malori manne yalikuwa yakipanda mlima wa mwezini yamebeba barafu. Dereva mmoja, binti aliyejiunga na mchezo wa Msafara wiki hiyo, aliteleza akaziba njia. Mwanamume aliyekuwa nyuma yake akafoka, "We mjinga, nani kakuambia..." Binti alisikia "we" tu. Kisha akaona maandishi kwamba mwenzao amekatika mtandao, na safari ikaendelea.

Yule mwanamume hakuona chochote kilichobadilika. Alikuwa amehamishiwa chumba pacha: mwezi uleule, malori yaleyale, sauti zilezile, isipokuwa humo hapakuwa na mtu mwingine. Wenzake walikuwa vivuli, yaani sauti na tabia ambazo mashine ilijifunza kutokana na mazungumzo yao ya nyuma. Angewatukana mpaka achoke. Akimaliza siku thelathini za kucheza bila tusi, angerudishwa kwa watu, asijue kwamba aliwahi kuondoka.

Kabla ya mashine hii, Mtulizaji, waliofukuzwa walirudi kesho yake kwa majina mapya na hasira mpya. Wasichana walicheza wakiwa wamezima sauti zao. Sasa walicheka na kupiga kelele kama wengine. Sekela ndiye aliyeibuni njia hii, na hakuwa na sababu ya kuionea haya.

Alikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyemwagiza. Kila mwisho wa mwezi alikagua majina machache ya waliokaa ndani, yaliyookotwa kwa bahati. Wengi walikuwa na miezi miwili, mitatu. Safari hii jina la juu lilimshtua: Festo Nyenza, wa Iringa, miaka miwili na miezi mitatu. Akavaa vipokea sauti.

"Hivyo ndivyo mnavyoendesha huko Songea, mla panya wewe?"

"Nyamaza, mla mbwa! Babu zako walitukimbia mpaka wakaacha viatu."

"Afadhali sisi tulikuwa navyo vya kuacha. Nyinyi mngevichemsha!"

Vicheko viwili vikapasuka kwa pamoja, kimoja cha mtu na kimoja cha mashine.

Sekela alivua vipokea sauti polepole. Mhehe na Mngoni. Watani. Mababu zao walipigana vita mpaka wakachoka, na wajukuu wakabaki wanapigana kwa maneno. Mtani hana mpaka. Hata msibani anakuja kufanya vituko: anavaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wake, anasema kwa sauti yake, mpaka waliokuwa wanalia wacheke. Ni haki yake, na ni kazi yake.

Mashine haikufundishwa hayo, na Sekela alikumbuka kwa nini. Enzi za kufukuza wachezaji, kila mtukanaji aliyekamatwa alijitetea hivyohivyo: "Nilikuwa natania tu." Alipochoka kuwasikiliza, aliufunga mlango huo kwa mkono wake mwenyewe.

Akatafuta jina la yule mwingine. Gervas Mapunda, wa Songea, naye alihamishwa siku ileile, akapewa chumba chake na kivuli cha Festo. Kumbe kila mmoja alikuwa na mwenzake wa bandia, na kwa kuwa vivuli vilijifunza utani kutoka kwao, tusi lilizaa tusi na siku thelathini hazikufika kamwe. Lakini chumba cha Gervas kilikuwa kimya. Hakuna aliyeingia kwa miezi mitano.

Alipiga namba ya simu iliyokuwa kwenye kumbukumbu za mchezaji. Ikapokewa na mwanamke.

"Mimi ni Yustina, mwanawe. Baba amefariki, dada. Miezi mitano sasa."

"Poleni sana."

"Tumeshapoa. Wewe ni wa kwenye huo mchezo? Basi niambie, huyo rafiki yake Mhehe ni mtu gani?"

"Kwa nini?"

"Baba alimuaga. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji, nikasikia mwenyewe. Akamwambia, 'Mhehe, safari hii nakufa kweli.' Yule akacheka! Akasema, 'Kufa haraka, shati la kuja kulia nalo nimeshalipiga pasi.' Baba alifurahi siku nzima. Akatuambia tusimzike mpaka Mhehe afike. Simu yake hatukuwa nayo, wao walionana humohumo. Tulingoja siku mbili. Mwisho tukamzika kimya kimya, kama mtu asiye na watu."

Ile sauti iliyoahidi shati haikuwa na mwili wa kuvaa shati.

Kampuni ilikuwa na sharti moja kuu: mchezaji asiambiwe kamwe habari za chumba pacha. Akijua mmoja watajua wote, na matusi yatarudi. Sharti hilo aliliandika Sekela. Alilisoma tena, sentensi kwa sentensi, kama anasoma maandishi ya mtu mwingine. Kisha akavaa miwani ya mchezo na kuingia kwenye chumba cha Festo.

"Tumepata mgeni!" Festo alisema. "Karibu, binti. Angalia tu huyo wa kushoto asikuibie barafu. Mngoni."

"Mzee Nyenza, naitwa Sekela. Ni fundi wa mchezo huu. Nimekuja kukueleza kwamba mzee Mapunda amefariki dunia, mwezi wa tano huu sasa."

Festo alicheka mpaka akakohoa. "Gervas! Umemtuma binti wa watu aje kunitangazia msiba wako?"

"Nimekufa kweli!" sauti ya Gervas ikadakia kwa furaha. "Mwezi wa tano nakungoja uje unizike, mla mbwa, wewe unazunguka na malori!"

Kivuli kiliokota tu mzaha uliokuwa mbele yake, kama kilivyofundishwa.

"Zima kivuli," alisema.

Kicheko kilikatika katikati. Lori la kushoto likasimama, taa zake zikazimika.

"Gervas?" Festo aliita. "We mla panya." Akangoja. "Gervas, jibu tusi, bwana."

Mwezi wote ulikuwa kimya.

"Mrudishe, mwanangu."

"Siwezi, baba. Hakuwepo."

Sekela alimweleza yote bila kujitetea, kuanzia namna Mtulizaji anavyofanya kazi mpaka siku mbili za kungoja.

"Tangu lini?" Festo aliuliza mwishowe.

"Miezi mitano."

"Hiyo ya kufa nimeisikia. Nauliza, tangu lini nilikuwa siongei naye?"

"Miaka miwili na miezi mitatu."

Jumamosi iliyofuata treni ya sumaku iliwashusha wote wawili Songea. Festo alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Jamaa walikusanyika makaburini wakiwa na koti la marehemu na kofia yake. Hakuna aliyemlaumu Festo. Yustina alimkabidhi koti tu.

Alilivaa, mikono ikamzidi. Akajikunja mgongo, akaburuta mguu mmoja, akaanza kuwafokea ndugu wa marehemu kwa kumjia mikono mitupu. Mama mmoja akaangua kicheko, kisha machozi. Watoto wakaruka. "Ni yeye! Ni yeye kabisa!" Yustina alikuwa ameziba mdomo kwa khanga, mabega yakimtikisika.

Festo akanogewa. Akainua kidole, akakohoa, akasema kwa sauti ya Gervas, "Haya, wanangu, dunia ni barabara tu, na mimi sina breki!"

Kicheko kikapungua, kikaisha. Watu wakatazamana.

"Hilo baba hakuwa akisema," Yustina alisema kwa upole.

"Alikuwa akisema kila siku."

"Hapana, mzee."

Festo akamgeukia Sekela. Sekela alikuwa na kumbukumbu zote kwenye kifaa chake, lakini hakuhitaji kukifungua.

"Ni la mashine?"

"Ni la mashine."

"Na lile neno lake la mke wa pili? Na la meno?"

"Ulianza kuyasikia lini?"

Festo alifikiri. Hakukumbuka. Alisimama ndani ya koti la mwenzake, midomo ikijaribu maneno na kuyaacha, huku watu wakimngoja. Kisha akaanza upya, polepole, na kila alipomaliza sentensi alinyamaza na kumtazama Yustina, mpaka Yustina aitikie kwa kichwa, ndipo aseme nyingine.