Kengele ya Miaka Hamsini

"Kaka, hiyo kengele nimeiona mimi kwanza."

"Umeiona, dada. Mimi nimeishika."

Ilikuwa siku ya gulio, watu bega kwa bega, na mfamasia na fundi baiskeli waligombea kengele moja kwenye meza ya vyuma vya zamani. Mfamasia alivaa gauni la njano lililomkaa sawasawa. Fundi alivaa ovaroli lenye grisi, na tabasamu ambalo, tuseme ukweli, lilikuwa safi kuliko nguo. Kengele ilikuwa na nembo ya kuadhimisha miaka hamsini ya kiwanda cha baiskeli. Kiwanda kilitoa vifaa vitano vya ukumbusho: taa, dainamo, pedali, kiti na kengele. Marehemu baba yake mfamasia alipata vinne, akafariki akiitafuta kengele.

Fundi aliposikia hayo aliiachia papo hapo. "Chukua. Ila nipe namba yako, nijue kama imefika salama."

Ilifika. Jioni zote simu ikawa hiyo hiyo.

"Kengele haijambo?"

"Haijambo, inakusalimia, mpenzi."

Baada ya miezi mitatu mfamasia alimkabidhi vifaa vyote, kila kimoja ndani ya kasha lake, avikague kutu. Sasa fundi huyu hakuweza kuvumilia kuona kifaa kizima kikikaa bure. Akitaka kumfurahisha, alivifunga vyote kwenye baiskeli moja ya kibandani kwake, akampelekea nyumbani.

"Umefanya nini?" Spana ilikuwa imeikwaruza taa. "Makasha yako wapi?"

"Nimeyachana, nikayatupa. Mpenzi, nilidhani..."

"Baba alivitunza miaka thelathini bila kuvifunga popote! Hivyo ndivyo vitu pekee alivyoniachia. Na usiniite mpenzi."

Wiki mbili mfamasia hakupokea simu yake. Alimkumbuka mno, lakini akiitazama ile taa hasira ilimpanda upya. Baiskeli ilibaki sebuleni, imefunikwa shuka.

Mama yake, aliyekuwa amesafiri kwa ndugu zake, aliporudi nyumbani aliifunua. Akakaa kwenye kochi taratibu.

"Kumbe imekamilika! Baba yako aliniahidi baiskeli yenye vifaa hivi tulipochumbiana. Alikataa kuiunga mpaka apate vyote vitano. Nani kaiunga?"

Mfamasia alimweleza habari za fundi na ugomvi wao. Aibu na shukrani vilimjaa kwa pamoja.

"Mwite, mwanangu. Nataka kumshukuru mwenyewe."

Fundi alifika mbio, amekumbatia makasha aliyoyaokota pipani na kuyagundisha kipande kwa kipande. "Hayajanyooka vizuri. Nisamehe."

"Nisamehe mimi," mfamasia alisema, machozi yakimtoka. "Umemtimizia mama yangu ahadi. Asante, mpenzi. Asante sana."

Mama alimshika fundi mikono yote miwili, akamshukuru mpaka kijana wa watu akainamisha kichwa. Kisha mama akaisukuma baiskeli nje, akajifunga khanga vizuri.

"Mama," fundi alijikaza, "nina kibanda cha ufundi na mikono hii tu. Naomba kumuoa binti yako."

"Muulize mwenyewe," mama alijibu, mguu ukiwa pedalini. "Mimi nina safari."

"Ndiyo!" alisema mfamasia, huku wote wawili wakimkimbilia mama, ambaye alikwishashika barabara.