Lubugo Chini ya Kiti cha Landrova

Shukrani ya punda ni mateke, na Wanjohi alikuwa amechoka kupigwa mateke. Ilikuwa saa tisa alasiri, Jumamosi ya mwezi wa Novemba, na Jordbro, huku Uswidi, imeshaingia giza. Alikuwa anarudi kutoka kule viwandani amekumbatia betri kifuani, barafu inamtelezesha, anamtukana Apollo njia nzima.

Apollo alisema atakuja saa sita. Saa sita ikapita. Simu hashiki. Na gari lenyewe ni la nani? La Wanjohi? Wapi!

Landrova ile kuukuu ilikuwa ya marehemu baba yake Apollo, mzee wa Masaka aliyeikimbia Uganda akiwa kijana, akaapa kwamba mambo yakitulia atarudi kwao akiiendesha mwenyewe. Hakurudi. Alizikwa hapa hapa Uswidi, majira ya baridi yaliyopita. Apollo anakaa ghorofani Hallunda, hana pa kuiweka, ndiyo ikaletwa kwenye gereji ya Wanjohi, ukuta mmoja na jikoni kwake. Wakakubaliana kuifufua pamoja. Pamoja, jamani! Tangu Agosti ni Wanjohi peke yake chini ya gari, kutu inamwingia machoni. Na kesho asubuhi Noeline, dada yake Apollo, anatua kutoka Uganda, na wanataka aende makaburini kwa gari hilo hilo.

Akaitua betri sakafuni. Akawasha jiko la kuni la chuma. Akavua koti lake nene, lile ambalo mkewe Wanjira alilitia kiraka chekundu kwenye kiwiko, akalitundika kwenye usukani. Kisha akaingia kazini, na haikuchukua muda mikono ikalowa oili. Tambara hakuna.

Akang'oa kiti cha dereva. Chini yake palikuwa na kitu kimekunjwa vizuri, kimefungwa kwa kamba ya mgomba. Kitambaa cha rangi ya udongo mwekundu, kikavu kikavu, hakina uzi wala pindo. Kilinuka moshi wa zamani.

Mganda yeyote angerudi nyuma. Wanjohi ni mtu wa Nyeri. Kuuliza si ujinga, lakini mwenye hasira haulizi. Alichana utepe mmoja akafungia bomba la ekzosi lililokuwa linaning'inia. Kilichobaki akapangusia gia, akapangusia sakafu, kikalowa chapachapa. Halafu akakisukumiza ndani ya jiko la chuma kiungue.

Kikashika moto papo hapo.

Na gereji ikaanza kupoa...

Akasogeza viganja karibu. Ndimi za moto zinaruka, chuma kimekuwa chekundu, lakini joto hakuna. Moshi ulijaa gereji nzima, unanuka majani ya migomba. Pumzi yake ikawa inatoka nyeupe.

Ko.

Ko, ko.

Ndani ya Landrova.

"Apollo?" Wanjohi akafoka. "Toka humo, mjinga wewe! Umechelewa halafu unaniletea michezo?"

Vioo vilikuwa vimefunga ukungu, kwa ndani. Mtu akakohoa... kikohozi cha mzee, kirefu, cha kifuani. Kidole kikapita juu ya kioo, polepole, kikaufuta ukungu. Wanjohi akachungulia pale palipofutika. Hapakuwa na mtu.

"Empewo..." sauti ikanong'ona.

Mlango ukafunguka nyuma yake, akaruka. Alikuwa Apollo, anaingia kutoka nje, theluji mabegani, simu mkononi.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Usiguse kiti cha dereva!" Apollo alikuwa anahema. "Nilikuwa kwenye simu na Noeline. Mwaka mzima anamwota Mzee anatetemeka. Leo ndipo shangazi amemwambia. Mzee alikuwa na lubugo lake, amelificha chini ya kiti. Na sisi tulimzika na suti!"

"Lubugo ni nini?"

"Nguo ya gome la mti. Nyekundu hivi, kama udongo. Ndiyo tunayomzikia mtu wetu."

Wanjohi akatazama jiko. Angeweza kunyamaza. Hasira ikamtangulia.

"Si ungekuja saa sita! Nimelichoma! Nilidhani ni tambara, ningejuaje mimi?"

"Banange! Umechoma sanda ya baba yangu?"

"Sanda gani inawekwa na spana? Wewe ndiye mtoto wake! Ulimzika bila kuuliza wakubwa wako, leo unanililia mimi?"

Apollo akamrukia. Wakakabana mashati, wakagonga boneti, kila mmoja anamtupia mwenzake maneno yasiyorudi. Ndipo stata ikalia.

Betri ilikuwa bado sakafuni, miguuni pao.

Injini ikanguruma. Taa za gari zikawaka, zikawamulika usoni. Taa ya gereji ikazimika. Na katikati ya ngurumo ile, sauti ile ile:

"Empewo..."

Apollo akaachia shati. "Baba," akanong'ona. "Anasema anaona baridi."

Halafu injini ikazimika, na taa zake. Wanjohi alipapasa ukuta mpaka akapata swichi. Usukani ulikuwa mtupu.

Koti halikuwepo.

Siku ya pili walikwenda makaburini kwa treni. Noeline hakumpa Wanjohi hata mkono. Walikuwa na ule utepe tu, umefunguliwa kwenye ekzosi, na Wanjohi ndiye aliyechimba, kwa koleo dogo, magoti kwenye theluji. Ardhi ilikuwa imeganda, haijaguswa tangu mwaka jana. Koleo likanasa kitu laini.

Mkono wa koti. Una kiraka chekundu kwenye kiwiko.

Apollo akauvuta. Na huko chini ukavutwa.

"Mwachie!" Wanjohi akapiga kelele. "Abaki nalo! Mzee, nimekosa, pole, lakini basi! Tumemalizana!"

Noeline aliuweka utepe shimoni, akafukia kwa viganja vyake. Ndipo akamgeukia.

"Hamjamalizana, kaka. Hilo ni koti lako. Yeye atafuata lubugo lake."

Jioni Wanjohi alikaa jikoni, amejifunika mablanketi mawili, meno yanagongana. Wanjira alimwekea chai, akampapasa paji la uso, akashtuka jinsi lilivyo baridi.

"Gereji nimeifunga kwa funguo zangu," alisema. "Zako ziko wapi?"

Zilikuwa mfukoni mwa koti.

Upande wa pili wa ukuta, kitasa cha gereji kikazunguka. Taratibu. Kwa ufunguo.

"Heh," Wanjira akasema, akichukua kikombe cha pili. "Leo Apollo amekuja bila kuitwa."

Mtu akakohoa, kikohozi kirefu, cha kifuani. Kisha wakasikia mlango wa jiko la chuma unafunguliwa, na vidole vinachakura majivu.