Ukuta wa Mulei

Kila asubuhi Syombua alifagia ua, akakusanya mayai, kisha akamtoa mdogo wake Mulei chini ya kitanda. Huko ndiko Mulei alikojificha kila mara kitu kilipoanguka, hata sufuria tu. Tangu mvua za Novemba zilipoangusha ukuta wa matofali wa jikoni akiwa kando yake, hakuwa ametamka neno. Syombua naye, kukiwa kimya, aliusikia mngurumo wa yale matofali ukianza upya masikioni mwake.

Muuguzi wa zahanati aliwashauri wamwache mtoto acheze na kile anachokiogopa. Ndiyo maana Jumamosi moja mwaka wa 1987 walishuka mjini Emali na mama yao, pesa za mayai zikiwa zimefungwa kwenye pindo la leso.

Dukani kwa Mama Nduta kulikuwa na katoni mbili za matofali ya plastiki ya kuchezea, bei ikiwa moja. Ya kwanza ilikuwa kubwa, yenye picha ya ghorofa. Ya pili ilikuwa ndogo kama ya viatu vya mtoto. Syombua hakufikiri mara mbili, akachagua ile kubwa. Mama Nduta alimsifu kwamba ana jicho zuri la kuchagua, akapokea pesa.

Mulei aliifungua papo hapo kwenye kaunta. Nusu ya katoni ilikuwa hewa tupu. Alipanga safu moja, ya pili, ya tatu. Matofali yakateleza, yakamwagika sakafuni. Kufumba na kufumbua, Mulei alikuwa chini ya kaunta, magoti kifuani. Syombua alihisi jiko lao likiporomoka tena.

Mama yake aliokota tofali moja, akaligeuza.

"Syombua, mimi na wenzangu wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, tukienda kuchagua matofali kwenye tanuri, huwa tunafanyaje?"

"Mnagonganisha mawili, mnasikiliza kama yameiva."

"Na baba yako alifanyaje, alipotununulia yale ya jiko?"

Syombua aliitazama ile katoni kubwa. Baba naye aliona rundo kubwa, akalipenda, akalinunua bila kugonganisha hata mawili.

Mama aliomba kufungua katoni ndogo. "Fungua tu," Mama Nduta akasema, uso umemshuka. "Hata mimi mwenyewe sijawahi kuyajaribu."

Mama aliunganisha matofali mawili, akashika la juu, akatikisa. La chini halikuachia. Kisha akaketi sakafuni na kuisukuma katoni hadi chini ya kaunta.

Walisubiri. Tak, tak, tak, ikasikika huko gizani. Syombua alipoinama, aliona ukuta mfupi, na kiganja cha Mulei kikiusukuma. Ukuta ulisogea mzima mzima.

"Haujaanguka," Mulei akasema.

Mama Nduta alibadilisha katoni bila kuombwa. Mama akajifuta macho kwa leso.

"Kitu kinunue kwa kazi yake, mwanangu, si kwa ukubwa wake," alimwambia Syombua. "Kijaribu kwanza kwa mkono wako. Ile ghorofa ni picha tu, hakuna mtu atakayelala ndani yake."

Njiani Syombua alitega sikio, akingojea ule mngurumo. Alichosikia ni matofali madogo yakicheza ndani ya katoni, mikononi mwa Mulei.