Sanduku la Mkaguzi

Asubuhi ile ukurasa wa tano ulitoka na pengo. Halikuwa kubwa, upana wa vidole vitatu tu, jeupe pe, katikati ya habari ya bei ya sabuni. Sisi wa mitambo, huku chini, tuliliangalia bamba la kuchapia, tukalifuta kwa tambara, tukaliangalia tena. Neno lilikuwepo kwenye bamba. Kwenye karatasi halikuwepo, na magazeti elfu nane yalikuwa yameshaondoka.

Juu, kwenye chumba cha wasahihishaji, ugomvi ulikuwa umeshawaka.

"Ulisinzia," Bi Nukta alimwambia mwenzake, Kasuku.

"Mimi nisinzie kwenye sabuni? Neno 'imepanda' nimeliona kwa macho yangu haya mawili!"

"Sasa limekwenda wapi? Limechukua likizo?"

Kasuku hakuwa na jibu, na Kasuku kukosa jibu ilikuwa habari ya ukurasa wa kwanza.

Hawa wawili walikuwa wamekaa kwenye meza moja miaka ishirini na miwili, uso kwa uso. Kazi yao ilikuwa kusomeana. Kasuku alishika karatasi ya mwandishi, akaisoma kwa sauti, kila neno na kila alama: "Mvua kubwa, mkato, imebomoa daraja la kaskazini, nukta." Bi Nukta alifuata kwa penseli kwenye ukurasa uliopangwa, na kila sentensi ilipokwisha alijibu, "Ipo." Asipojibu, hawasogei. Ukipanda ngazi ulisikia nukta, ipo, mkato, nukta, ipo, kutwa nzima. Tuliwacheka, tukasema ni mke na mume wanaofunga ndoa upya kila siku. Lakini gazeti letu halikuwa na kosa, na hilo hata wapinzani wetu walikiri.

Mwezi mmoja kabla ya lile pengo, walikatazwa. Mkaguzi wa serikali alisema kelele zao zinamuumiza kichwa. Mhariri wetu, mtu mwenye elimu kubwa na moyo wa kifaranga, alikimbia kwenda kuwaambia, "Someni kwa macho, kama watu wengine."

Mkaguzi alikuja kila siku saa tisa alasiri. Alikuwa mtu mdogo, mpole, wa kukuuliza hali ya watoto. Alikuja na mkasi, na kijisanduku cha mbao chenye tundu jembamba juu, kama la kutumbukizia barua. Asilolipenda alilikata kutoka kwenye ukurasa, akakikunja kile kipande mara mbili, akakitumbukiza. Hakuwahi kukifungua kile kisanduku mbele ya mtu. Na kuanzia mwezi ule wa ukimya hakukibeba tena kwenda nacho nyumbani. Alikiacha mezani, kwenye chumba chake, akafunga mlango kwa ufunguo. Siku moja, kabla mlango haujafungwa, mfagiaji alijaribu kukisogeza ili afute vumbi, akashindwa. Kisanduku cha ukubwa wa kopo la biskuti kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia.

"Na kinanuka," mfagiaji alituambia, akishusha sauti ingawa mlango ulikuwa umefungwa. "Kinanuka mdomo. Mdomo wa mtu aliyefunga kinywa siku nyingi."

Baada ya sabuni, mapengo yaliongezeka. Neno hili leo, mawili kesho. Kisha yakahamia kwenye simu za watu. Ukimwandikia ndugu yako kwamba umeme umekatika tangu Jumanne, anapokea "Jumanne" peke yake, anakuuliza Jumanne kuna nini. Mtu aliandika kwenye mtandao malalamiko marefu juu ya kiongozi fulani, na asubuhi akakuta amemtakia heri ya kuzaliwa. Tulicheka siku mbili. Siku ya tatu tulianza kusikia sauti. Ilitoka nyuma ya ule mlango uliofungwa, mchana kweupe, watu wote wakiwa kazini: kutafuna, polepole, kama mbuzi aliyepata gunia la karatasi.

Mhariri alimleta mganga kwa siri siku ya Jumamosi, mkaguzi akiwa hayupo. Mganga alifukiza ubani, akaweka sikio mlangoni, akabadilika rangi.

"Mwite jina atoke," mhariri alinong'ona.

"Jina lipi? Pepo wote ninaowajua wana majina. Ukimwita, anaitika, anasema anachotaka, mnaelewana. Huyu la kwake ameshalila." Alikuwa anakusanya vitu vyake huku anazungumza. "Na huyu hakuja mwenyewe, mhariri. Huyu ni wa kufugwa. Analishwa. Mimi na wenye kumlisha siwezi kugombana, nina familia." Akashuka ngazi mbili mbili. Hata malipo hakudai, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Wiki iliyofuata, mwandishi wetu wa habari za mji alileta karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono. Tangi la maji la mtaa wa bondeni lilikuwa limeingiliwa na maji machafu. Watu kumi na tisa walikuwa wamekufa kwa kipindupindu, na hospitali ilikuwa imeagizwa kuandika kwamba ni tumbo la kawaida. Majina yao yote yalikuwepo. Mwisho kabisa aliandika: Msinywe maji ya bomba bila kuyachemsha.

Saa tisa mkaguzi aliikata habari yote, mstari wa kwanza hadi wa mwisho, akaikunja, akaitumbukiza. Kutoka kwenye sanduku ilisikika sauti ya kumeza.

Bi Nukta alikuwa ameshaisoma, kwa macho, kimya, kama alivyoamriwa. Binti yake, mwalimu, alikuwa amepanga chumba mtaa wa bondeni. Alimpigia, simu haikushika, akamwandikia ujumbe: "Mwanangu, usinywe maji ya bomba, chemsha." Kwenye simu yake ulionekana mzima, akaona umefika, akashusha pumzi.

Ujumbe uliofika ulisema: "Mwanangu, maji ya bomba."

Binti alidhani mama anamkumbusha kwamba leo bomba linatoa. Akakinga ndoo mbili. Alikunywa gilasi moja palepale, maana jua lilikuwa kali.

Siku ya pili Bi Nukta alikuwa wodini, ameushika mkono wa mwanawe ambao ngozi yake ukiibana haikurudi. Nesi alikuwa akibadilisha chupa ya maji ya mshipa.

"Nesi, mwanangu, niambie ukweli. Ana nini?"

Nesi alifungua kinywa. Midomo yake ilijipanga kulitamka neno, koo likapanda na kushuka, na hakuna kilichotoka. Alijaribu tena. Machozi yakamlengalenga. "Mama, nalijua," alinong'ona. "Nalijua, lakini halitoki." Na pale, juu ya harufu ya dawa, Bi Nukta aliisikia ile harufu nyingine, ya mdomo uliofungwa.

Nilikuwa mlangoni wakati aliporudi kazini. Hakuwa amelala, na kitambaa kilikuwa kimemlegea kichwani. Alipita bila salamu, akaenda moja kwa moja kwa Kasuku.

"Pengo la kwanza lilitokea lini?"

"La sabuni? Mwezi uliopita."

"Na sisi tulinyamazishwa lini?"

Kasuku alimtazama. Kisha akainama, akavua kiatu, akatoa kwenye soksi karatasi mbili zilizokunjwa. Zilikuwa zile za mwandishi, za mkono.

"Niliziokoa," alisema. "Ila zimeanza kufifia, bibi. Zinaliwa kuanzia chini."

"Zisome."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Aliye sandukuni ameweza kula tulichokificha na tulichonong'onezana. Hajawahi kula neno lililosomwa na mmoja likajibiwa na mwingine. Kwa nini unadhani tulimuumiza kichwa yule bwana?"

Ilikuwa saa tisa kamili. Mkaguzi alikuwa ameshaingia, mlango wa chumba chake uko wazi, mkasi mkononi. Walikwenda wakasimama mbele ya meza yake, ng'ambo ya sanduku, na Kasuku akasafisha koo.

"Watu kumi na tisa, mkato, wakazi wa mtaa wa bondeni, mkato, wamefariki kwa—" Alikwama. Mishipa ya shingo ilimtoka. "Kwa kipindupindu, nukta!"

"Ipo!" Bi Nukta alijibu.

Sanduku liliruka mezani.

"Mama, utajiumiza bure," mkaguzi alisema kwa upole. "Nenda ukamtazame mwanao."

"Endelea," Bi Nukta alimwambia Kasuku.

Kasuku akaendelea, jina la kwanza, ipo, jina la pili, ipo, na kadiri alivyosoma kutoka juu ndivyo wino ulivyokuwa ukifutika kutoka chini, mstari kwa mstari, weupe ukipanda kukutana na kidole chake, na ile harufu ikajaa chumba mpaka waandishi waliokuwa wamekusanyika mlangoni wakaziba pua, na baridi ya unyevunyevu kama ulimi ikapita shingoni mwa kila mmoja ikitafuta pa kuingilia, na Bi Nukta akahisi kitu kinamshika mzizi wa ulimi wake kwa ndani, kinauvuta, kinataka kuung'oa, naye akajibu ipo, akajibu ipo, sauti ikizidi kukwaruza, akimfikiria mwanawe na ile gilasi moja ya maji, hadi jina la kumi na tisa likasomwa na weupe ukafika, na Kasuku akabaki na karatasi tupu mkononi na kinywa wazi, hana sauti kabisa.

Sentensi ya mwisho ilikuwa imeliwa.

Ndani ya sanduku kitu kilijilamba.

Bi Nukta akavua miwani. "Msinywe maji ya bomba," alisema kwa sauti ambayo tuliisikia hadi chini kwenye mitambo, "bila kuyachemsha. Nukta!"

Kasuku hakuweza kumjibu. Alitikisa kichwa, akijishika koo. Neno lilining'inia hewani bila shahidi, na kila mtu mle ndani alilisikia likianza kutafunwa.

"Ipo," alisema mtu.

Alikuwa mhariri. Moyo wa kifaranga ule ule, jasho linamtiririka, ameshikilia fremu ya mlango asianguke. "Ipo!" alirudia, akaangua kilio. "Ipo, wallahi ipo, niliiona nikanyamaza!"

Hapo wote wakaitika. Mimi nilizima mtambo kwa mkono wangu, tukaitika na sisi kutoka chini. Bi Nukta alikwenda dirishani akaisema tena, na muuza viatu ng'ambo ya barabara akainua kichwa, akasikiliza, akapaza sauti kumpasia fundi cherehani, naye akajibu ipo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kufika magharibi, neno lilikuwa limefika mtaa wa bondeni kwa midomo ya watu, bila simu wala karatasi, na kila jiko lilikuwa na sufuria ya maji.

Sanduku lilipasuka katikati. Vilimwagika vipande vya karatasi, maelfu, vyote vyeupe. Mkaguzi aliviangalia. "Mimi ni—" alianza, akasita. Alijipapasa mifukoni, akatoa kitambulisho, akakisoma, akakigeuza. Kilikuwa tupu mbele na nyuma. Aliondoka akimuuliza kila mtu kwenye ngazi kama anamfahamu.

Sisemi tulishinda. Askari walikuja kabla ya kucha. Gazeti lilifungwa, na Kasuku alikaa ndani siku kumi na moja, akatoka amekonda, sauti imerudi, na maneno mengi zaidi ya yale aliyoingia nayo. Binti wa Bi Nukta alipona. Gari la dawa lilifika kwenye tangi, na redio ikasema ni usafi wa kawaida wa kila mwaka. Watu waliosikia walitazamana, mmoja akarudia ukweli kwa sauti, mwingine akamjibu. Sasa ndivyo tunavyoishi, wawili wawili.

Na nasikia mkaguzi mpya ameshateuliwa. Sanduku lake linabebwa na watu wanne.

Jana mimi nilikaa nikaandika yale majina kumi na tisa kwenye daftari, kila moja na mstari wake, ili wajukuu wayakute. Leo asubuhi nimelifungua, nimehesabu. Ni kumi na manane. Mstari wa saba ni mweupe, na daftari linanuka.

Nimelibeba hadi kwa Bi Nukta. Amelifungua, ameuona mstari mweupe, amenirudishia. Amevuta kiti, amevaa miwani, amekaa uso kwa uso na mimi.

"Wa saba namkumbuka, tutamrudisha," amesema. "Anzia wa kwanza. Kwa sauti."

Nimesoma jina la kwanza, nukta.

"Yupo," amejibu.