Baba Aliposhusha Wimbo

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia kwenye karakana ya baba yake. Alichukua brashi na kupangusa vumbi kwenye spika zilizokuwa zikisubiri matengenezo. Jina la utani la Chiriku alipewa na shangazi yake kwa sababu ya kusema sana, na hata karakanani mdomo wake haukupumzika.

"Baba, mwalimu mkuu amesema utaimba siku ya wazazi. Utaimba ule wa mvua?"

"Huohuo," baba alijibu, macho yakiwa kwenye waya aliokuwa akiulehemu. "Watu hawaniombi mwingine."

Brashi ya Chiriku ikasimama juu ya spika.

Baba aliwahi kuwa mwimbaji wa roki laini, zile nyimbo za taratibu za gitaa. Alianzia kwenye ukumbi mdogo wa hoteli, akiwaimbia watu waliokula bila kumtazama. Mwaka wa tatu redio ikacheza wimbo wake wa mvua, na haikupita muda kila nyumba iliujua. Alitoa albamu nne, akajaza viwanja vya mpira. Kwenye kiitikio palikuwa na noti moja ya juu ambayo watu waliingoja huku wamebana pumzi.

Kisha koo likaanza kuuma. Daktari alimwambia apumzike miezi miwili. Yeye akafanya maonyesho kumi na moja mfululizo. Koo lilipopona, noti ile haikurudi. Kumbi zikawa ndogo, vijana wakapenda muziki mwingine, na baba akajifunza kutengeneza vyombo alivyokuwa akiimbia.

Sehemu hiyo ya mwisho Chiriku hakuwahi kuisimulia shuleni.

"Baba yako bado anaifikia ile noti?" aliuliza Kifutio, mvulana wa dawati la nyuma aliyeazima vifutio vya darasa zima. "Bibi yangu anasema vioo vilikuwa vinatetemeka."

"Anaifikia hata akiwa usingizini!"

"Haya, tutaona. Akikwaruza kama jogoo mwenye mafua, nitacheka mpaka nianguke."

Chiriku hakupata raha tena. Kwa kuwa alijua vyombo, mwalimu alimkabidhi mashine ya sauti ya siku hiyo. Akaweka ndani yake rekodi ya zamani ya wimbo wa mvua. Alipanga kwamba kiitikio kikifika, angezima kipaza sauti cha baba na kuwasha rekodi. Nani angejua?

Siku ya wazazi, baba aliketi kwenye kigoda mbele ya ukumbi na kuanza kuimba. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo kidogo, na hata watoto wadogo walitulia. Lakini Chiriku hakuisikiliza. Kidole chake kilikuwa kwenye kitufe. Kiitikio kilipofika, akabonyeza.

Sauti ya kijana ikapasuka kutoka kwenye spika, juu kabisa, huku gitaa la baba likilia chini. Chiriku hakuwa amejua kwamba kwa miaka mingi baba alikuwa amelegeza nyuzi zote za gitaa lake, ili wimbo ukae mahali koo lake lilipoweza kufika. Rekodi ilikwenda huku, gitaa kule. Watu walishika masikio. Kifutio aliangua kicheko.

"Kumbe anaimbiwa na mashine! Mdanganyifu!" mzazi mmoja alisema kwa sauti.

Baba aliweka kiganja juu ya nyuzi. Alimtazama binti yake. Chiriku alizima rekodi. Angeweza kusema mashine imeharibika, na wengi wangeamini. Lakini baba yake alikuwa amekaa pale mbele za watu, akiitwa mdanganyifu kwa kosa lisilo lake.

Akasimama. "Baba hakujua chochote. Ni mimi. Niliogopa noti itamshinda."

Akawasha kipaza sauti cha baba.

"Na kweli ingenishinda," baba alisema kwa upole. "Nilimpuuza daktari, ikaniaga. Huyo mliyemsikia ni mimi nikiwa kijana. Alikuwa hatari, eti?" Watu wakacheka, safari hii pamoja naye. "Lakini mliyemwalika leo ni mimi. Tuanze upya."

Aliimba tena. Kwenye kiitikio, mahali pa kupanda, sauti yake ilishuka taratibu, na ukumbi mzima ukashuka nayo. Alipomaliza, watu walisimama. Aliyemwita mdanganyifu alipiga makofi kuliko wote.

"Kwa hiyo haifikii?" Kifutio alinong'ona.

"Haifikii," Chiriku alijibu, kichwa juu. "Na umeona alivyoimba?"

"Nimeona. Nimesahau hata kucheka."

Walipokuwa wakikunja nyaya, Chiriku alisema, "Nisamehe, baba. Nilitaka kukufichia aibu."

"Nimekusamehe. Ila aibu ipi, mama? Kupanda nilipanda, nikashuka, na yote ni maisha yangu. Aibu ni kuazima sauti isiyo yako leo, hata kama jana ilikuwa yako. Fanya kazi kwa ulichonacho, kisha uwaambie watu ukweli. Leo ulisimama ukausema mbele ya ukumbi uliojaa. Nimeimba kwenye viwanja vikubwa, mwanangu, lakini sijawahi kuona fahari kama leo."