Fundo la Shoto

Kiwanda cha nguo kilipofunguliwa tena, jirani yetu Mama Vidole alikuwa wa kwanza kuitwa kazini. Jina hilo alilipata zamani, alipokuwa mkaguzi. Alikuwa akifumba macho, anapitisha vidole juu ya kitambaa, kisha anakuambia uzi ulikatika wapi na nani aliufunga. Kiwanda kilikaa na kufuli miaka ishirini na miwili, kimeuliwa na nguo za nje zilizouzwa bei ya kutupa. Sasa kilikuwa na mashine mpya, watu mia tatu waliosahau ladha ya mshahara, na mnunuzi mmoja tu. Huyo mnunuzi hakuficha: majora ya kwanza yakiwa na kasoro, asitafutwe tena.

Binti yake naye alipata kazi humo, akapewa mashine namba tisa. Siku ya kwanza waliondoka nyumbani pamoja, wanataniana kama mtu na shoga yake.

"Mama, usinikague mbele za watu."

"Kama hujaharibu, unaogopa nini?"

Saa nne asubuhi, kwenye meza ya ukaguzi, kidole cha Mama Vidole kiligonga kitu. Akageuza kitambaa. Lilikuwa fundo dogo, limezungushwa mara mbili, ncha yake imelazwa kushoto. Mashine zile hazikufunga mafundo. Uzi ukikatika, ziliuunganisha zenyewe kwa hewa. Na aliyefunga namna ile duniani alikuwa mmoja, mfumaji waliyemwita Shoto kwa sababu ya mkono wake, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Na kweli, Mama Vidole ndiye aliyemzika.

Alilikata fundo, akaendelea na kazi. Mchana akakuta matano. Kesho yake ishirini, yote kutoka namba tisa. Fundi mkuu alifungua mashine yote, akaifunga, akajikuna kichwa. "Hii haina ugonjwa wowote," alisema. "Tumhamishe binti namba nne, tuone."

Wakamhamisha. Mafundo yakamfuata namba nne.

Jioni binti alimsogelea mama yake jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Nikiwasha mashine kuna mtu nyuma yangu. Hasemi kitu. Ananipapasa nywele tu, kama anazipima."

Mama Vidole alikaa chini kwenye sakafu. Alijua, na aibu yake ilikuwa kubwa kuliko woga. Zamani pale kiwandani mfumaji hakuacha nguo kwenye mtambo. Aliyeacha kazi, aliyeolewa, aliyestaafu, wote walimaliza jora kwanza, wakalifunga kwa mkono wao. Siku ya kufuli, Shoto alisukumwa nje akiomba amalizie dhiraa moja. Mama Vidole, mimba ikiwa imemlemea, alibaki ndani kuhesabu vitu. Alikiona kile kitambaa cha buluu cha Shoto kwenye mtambo, akakipenda, akakikata kwa mkasi. Mwezi uliofuata akajifungua, akamviringisha mtoto kwa kitambaa hicho. Mwaka haukuisha, Shoto akawa kitandani, hana nguvu hata ya kugeuka, anauliza jambo lile lile: "Nani aliikata nguo yangu?" Mama Vidole alimshika mkono, akamwambia hajui.

Kitambaa kilikuwa bado sandukuni, pamoja na rili moja ya uzi ule wa buluu. Uzi wa rangi ile haukutengenezwa tena popote. Akajikaza kisabuni. Kesho yake, wakati wa chakula, mashine zimezimwa na watu wametoka, aliviweka vyote viwili juu ya namba nne.

"Ni mimi niliyeikata," alisema. "Nilikudanganya. Maliza, dada yangu, umwache mtoto."

Jua lilikuwa la saa saba, limejaa madirishani. Akatoka nje, akamkuta binti kwenye ngazi ya mlango, akaketi naye. Binti alimlalia mapajani, akapitiwa na usingizi. Mama Vidole aliweka kiganja chake juu ya kilemba cha mwanawe. Hakukiondoa. Hakusinzia. Ndani, kitu kilianza kugonga.

Taratibu. Mbao kwa mbao.

Mitambo ya zamani ya mbao ilishauzwa kuni miaka mingi iliyopita. Aliijua sauti ile. Alihesabu mapigo, akakandamiza kiganja chake zaidi. Mapigo yakaongezeka. Yakakimbia. Yakanyamaza ghafla. Kisha yakaanza tena, machache, mazito. Halafu kimya.

Alipoingia, rili ilikuwa tupu. Kitambaa kilikuwa kimekamilika, kimefungwa ukingo vizuri, na hakikuwa na kasoro. Alilia kwa furaha, akakikunjua, akafumba macho, akapitisha vidole kama zamani. Buluu, buluu, buluu. Mwishoni kabisa, upana wa kidole kimoja tu, uzi ulibadilika. Ulikuwa laini na unateleza. Akafumbua macho. Ulikuwa mweusi.

Uzi wa rili haukutosha.

Alirudi ngazini mbio. Binti alikuwa ndiyo kwanza anaamka, anapiga miayo, kilemba kiko vile vile kilivyofungwa asubuhi. Mama Vidole alikifungua. Msuko mmoja wa kisogoni haukuwapo, umekatwa karibu na ngozi.

"Umehisi chochote?"

"Nilikuwa nimelala, Mama. Si ulikuwa umenishika?"

Majora yalitoka safi tangu siku hiyo. Mnunuzi ameagiza mengine, na kiwanda sasa kinafanya kazi zamu mbili. Lakini kile kishina cha nywele kilichobaki kisogoni kilikuwa kimefungwa fundo dogo, limezungushwa mara mbili, ncha imelazwa kushoto. Nywele zimeota, na fundo bado liko pale pale kwenye ngozi. Siku moja Mama Vidole aliuchukua mkasi ule ule aliokatia kitambaa cha Shoto, alikate. Aliushika muda mrefu, kisha akaurudisha sandukuni.