Kipandio cha Kumi na Tano

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hamsini alifagia ngazi za nyumbani kwao. Alianza kipandio cha pili kutoka juu, akashuka navyo kimoja kimoja mpaka chini kwenye mlango wa sebule. Kile cha juu kabisa, cha kumi na tano, cha kuingilia sakafu ya ghorofani, alikiruka. Vumbi lake lilibaki palepale, na mama yake alipouliza, alisema atalimaliza jioni. Jioni hakulimaliza.

Jina la Hamsini alipewa na wenzake darasani. Kila mtihani wa hesabu alipata hamsini. Akiwa na bahati mbaya alipata arobaini na nane, na siku mwalimu akiwa na moyo mkunjufu alipata hamsini na mbili. Hakuwa wa mwisho wala wa kwanza. Alikuwa wa katikati, na watoto wa katikati hawapigiwi makofi wala hawaitwi ofisini, wanasahaulika tu mpaka kengele inalia. Yeye alikuwa na mbinu yake. Akisoma swali alitafuta namba mbili, akachagua alama, akakokotoa. Jibu likitoka bila baki, alilipigia mstari na kutulia.

Miezi mitatu iliyopita, bibi yake, mama mzazi wa baba, alikuwa anapanda na beseni la nguo. Vipandio kumi na vinne vya kwanza alivipanda vizuri. Kwenye cha kumi na tano kidole cha mguu kiligonga ukingo, beseni likaruka, na bibi akaanguka mpaka katikati ya ngazi. Alivunjika mguu. Sasa plasta ilikuwa imetolewa na alitembea kwa fimbo, ila juu hapandi tena. Alilala sebuleni, na chumba chake cha ghorofani kilibaki kama alivyokiacha, kitanda kimetandikwa, miwani iko dirishani. Kandambili yake moja iliyoruka siku ile ilikuwa bado palepale juu, kando ya ukuta. Hakuna aliyethubutu kwenda kuichukua, na hakuna aliyesema kwa nini.

Kisha watu wengine nao wakaanza kujikwaa palepale. Mjomba alijikwaa na sahani ya chakula. Mshona viatu wa jirani, aliyekuja kumjulia hali bibi na kupanda kufungua dirisha la juu, alipiga goti chini na kushuka akiwa amebadilika rangi.

"Kile kipandio kina mwenyewe," alisema. "Kuna kitu pale kinashika watu miguu."

Maneno hayo yalienea mtaani siku hiyohiyo. Watoto wa jirani waliacha kuja kucheza. Hamsini naye, mtu akipanda, alijikuta anahesabu bila kutaka. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne, halafu ule mkwaruzo wa soli kwenye ukingo. Aliusikia hata akiwa darasani na hakuna ngazi karibu.

Kilichomuumiza zaidi ni bibi mwenyewe. Kwanza alisema macho yake yamechoka. Alipelekwa kwa daktari wa macho, daktari akasema macho ni mazima. Tangu siku ile bibi hakutaja tena macho. Akiambiwa amimine chai anauliza mara mbili kama kikombe kiko pale anapokiona.

"Kama si macho, basi ni kichwa," alimwambia Hamsini siku moja, kwa sauti ndogo. "Mjukuu wangu, usimwambie baba yako. Nadhani akili yangu inaanza kuniacha."

Hamsini aliitikia kwa kichwa.

Wiki hiyo walipata mwalimu mpya wa hesabu, mama mwembamba mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Siku ya kwanza aliandika swali ubaoni: kamba ya mita kumi inakatwa vipande vya mita mbili mbili, utaikata mara ngapi? Darasa zima liliinama kuandika. Mwalimu aliwaambia waweke kalamu chini. Walidhani anatania. Akasema kwake yeye kalamu hulala kwanza, na swali huanza kama habari: nani anafanya nini, ameanzia wapi, anaishia wapi.

Alimwita Hamsini. Hakuwaita wale wa mbele wanaonyoosha mikono mpaka wanasimama, alimwita mtoto wa katikati. Hamsini akasema tano, na alikuwa na uhakika, kwa sababu kumi kugawanya kwa mbili ni tano na hakuna baki. Mwalimu alitoa kamba mkobani, akampa mkasi, akamwambia akate. Alikata mara moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Alipofungua mkasi kwa mara ya tano, mkononi alikuwa na kipande kimoja cha mita mbili na hapakuwa na cha kukata.

Darasa lilicheka, mwalimu hakucheka.

"Umegawanya vizuri sana," alimwambia. "Vipande ni vitano kweli. Lakini mimi nimeuliza kukata. Jibu linaweza kuwa zuri, halina baki, na likawa si la swali hili. Ukishalipata, lirudishe kwenye habari uone kama linakaa."

Hamsini alirudi kwenye dawati. Hakuwa anawaza kamba. Alikuwa amekumbuka siku baba yake, fundi mwashi, alipokuwa anajenga zile ngazi, muda mfupi kabla ya bibi kuanguka.

Baba hakusoma sana. Miaka yote alipima ngazi kwa kijiti chake cha alama na jicho lake. Lakini safari ile, kwa kujivunia mtoto anayesoma, alimwita Hamsini amsaidie hesabu. Alisema kutoka chini mpaka zege la juu ni sentimita mia mbili na sabini. Juu ya zege wataongeza saruji ya sakafu, sentimita sita. Vipandio ni kumi na tano, ukihesabu na kile cha kuingilia juu. Kila kimoja kiwe na kimo gani? Hamsini alichukua namba mbili, mia mbili na sabini na kumi na tano, akagawanya. Kumi na nane, bila baki. Alikimbia kumwambia baba kwa furaha, na baba akakata mbao zake kwa kipimo hicho.

Aliporudi kutoka shuleni siku ile ya kamba, alichukua futi kamba ya baba na kupima. Cha kwanza kumi na nane, cha pili kumi na nane, hivyohivyo mpaka cha kumi na nne. Cha kumi na tano kilikuwa ishirini na nne. Zile sentimita sita alizozisahau zilikuwa zimekaa zote kwenye kipandio kimoja, na mguu uliozoea kumi na nane mara kumi na nne haukuwa na habari nazo.

Kumbe mwenye kipandio alikuwa yeye. Alikaa pale kwenye vumbi asilolifagia na kulia kimya kimya, kandambili ya bibi iko pembeni yake.

Hakusema. Siku nne alipita mbele ya bibi akiangalia chini. Alijiambia kwamba mguu umeshavunjika na umeshapona, na kwamba watu wameridhika na habari ya mwenye kipandio. Lakini kila bibi alipouliza kama kikombe kiko pale, alitamani ardhi ipasuke.

Ijumaa mchana baba alimwita uani. Alikuwa na penseli sikioni na mbao mpya za kumwagia zege zimeegemezwa ukutani. Alikuwa amepata kazi ya ngazi za zahanati, kwenda kwenye wodi ya kina mama juu.

"Nisaidie, mwanangu," alisema. "Mpaka zege la juu ni mia tatu na sita. Watapanga vigae, pamoja na saruji yake sentimita tano. Vipandio kumi na saba. Kesho asubuhi namwaga."

Hamsini alishika kalamu, akaona mara moja kwamba mia tatu na sita kwa kumi na saba ni kumi na nane, bila baki. Jibu lilikuja lenyewe mdomoni. Halafu akamwona akilini mama mjamzito anapanda, akasikia hatua zake, kumi na tano, kumi na sita, na ule mkwaruzo.

Aliweka kalamu chini.

"Baba, huyo mtu hafiki kwenye zege. Anafika kwenye vigae," alisema. "Ni mia tatu na kumi na moja, tugawanye kwa kumi na saba. Inatoka kumi na nane na pointi tatu hivi. Na za nyumbani nilikosea. Sikuongeza ile sita. Bibi alianguka kwa sababu ya hesabu yangu."

Hamsini alidhani atapigwa. Badala yake baba alikaa juu ya mfuko wa saruji na kuvua kofia.

"Nilikipima kile kipandio jioni ileile mama alipoanguka," alisema polepole. "Nikajua kimezidi. Nilidhani mbao zangu zilicheza. Fundi aliyemvunja mama yake mguu, nani atampa kazi? Watu waliposema kina mwenyewe, nikawaacha waseme."

Waliingia sebuleni pamoja. Baba alipiga magoti mbele ya bibi na kumweleza yote, sehemu yake na ya mtoto. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, fimbo ikiwa mapajani.

"Kwa hiyo kichwa changu ni kizima," alisema.

"Kizima kabisa, Mama."

Bibi alilia. Kisha akasema kwamba mguu amewasamehe, mguu hupona. Ila ile miezi ya kujiogopa mwenyewe wangemwondolea kwa neno moja tu, na neno hilo walikuwa nalo wote wawili, baba miezi mitatu, mtoto siku nne.

Baba alitaka kubomoa ngazi zote. Hamsini aliomba asubiri, akachora ngazi kwenye daftari, akazitazama muda mrefu bila kuandika namba. Mwishoni alisema ile sita wasiibomoe, waigawe. Sentimita sita kwa kumi na tano ni milimita nne. Cha kwanza kiongezwe milimita nne, cha pili nane, cha tatu kumi na mbili, hivyo mpaka cha kumi na nne, cha kumi na tano kisiguswe, na kila hatua itakuwa sawa na mwenzake. Baba alihesabu kwa vidole, akarudia, kisha akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu.

Walipomaliza na saruji kukauka, bibi alishika ukuta akapanda. Hamsini alihesabu chini kwa chini. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Mguu ulitua. Bibi aliinama, akaokota kandambili yake na kuikung'uta vumbi.

Baba alimshika Hamsini bega. "Hesabu unayonipa, kuna mtu ataikanyaga," alisema. "Kwa hiyo ikanyage wewe kwanza kwa akili yako kabla hujaitoa. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyohiyo. Kosa likinyamaziwa, mwingine ndiye analibeba. Hilo najiambia na mimi."

Mtihani uliofuata Hamsini alipata sitini na nne. Wenzake hawakubadilisha jina, walisema limeshazoeleka. Siku hizi anafagia vipandio vyote kumi na tano. Lakini mtu akipanda, popote pale, anaacha analolifanya na kuhesabu hatua mpaka ya mwisho itue.